Kwa nini ng'ombe wetu anaitwa Brigedia

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni nyanya wa Minjila, hapa karibu na Garsen. Shule niliiona kwa dirisha, kwa hivyo naongea na simu, yenyewe inaandika. Ikikosea mgombane nayo. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Ni ule mwaka wa mafuriko, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mto Tana ulitoka kwake ukaja kwetu. Tukahamia pahali palipoinuka na ng'ombe waliobaki.

Mzee wangu Bonaya alikatwa na bati ndani ya maji. Mguu ukafura, ukaanza kunuka. Nikajua huyu mume nakwenda kumzika, na bado nilikuwa nampenda. (Hata sasa nampenda, lakini msimwambie.)

Basi ikaja ndege ya jeshi, ile ya panga juu. Akashuka daktari, Meja, nguo imepigwa pasi kama anaenda harusi. Akaangalia mguu.

"Mzee, hapa lazima nipasue leo nitoe uchafu. Tukingoja, mguu unaenda, na wewe nyuma yake."

Bonaya akamuuliza, "Ng'ombe wako hawajambo?"

Wakuu, kwetu Waorma hiyo ndiyo salamu. Ng'ombe kwanza, halafu watoto, mke mwishoni kama chumvi.

Daktari akasema hana ng'ombe.

Wazee wakaangaliana. Mtu mzima, hana hata ndama, na anataka kushika kisu. Na watu wenye homa waliokuwa wamekuja kutibiwa nao wakakaa chini, hakuna wa kuchomwa sindano.

Bonaya akasema, "Yule ng'ombe pale ameshindwa kuzaa tangu asubuhi. Mtoe ndama, halafu nitakupa mguu."

"Mzee, mimi ni daktari wa watu."

"Na mimi ni mtu wa ng'ombe. Akifa yeye, mguu wa nini? Nitembee nikifuata nani?"

Nikamwambia, "Baba Jilo, utaniacha mjane kwa sababu ya ng'ombe?"

"Wewe utaolewa. Yeye je?"

Daktari akatazama mguu, akatazama ng'ombe. Akavua shati na vyeo vyake, akalala kwa matope, mkono ukaingia mpaka begani.

"Ndama amekunja mguu," akasema. "Leo ni siku ya miguu."

Akaunyoosha polepole, askari wakavuta kamba. Ndama akatoka na maji yote ya tumboni yakammwagikia Meja usoni.

Askari wanaogopa kucheka. Mimi nikaanza, na nikianza sijui kunyamaza. Mwisho akacheka yeye mwenyewe, meno tu ndiyo meupe.

Bonaya akajilaza bila kushikwa. "Pasua."

Mguu huo ndio anaendea msikitini mpaka leo. Na wale wengine walipanga foleni wakisukumana, sindano ikawa kama pilau.

Ndama alikuwa jike, tukamwita Meja. Daktari akawa anatutumia salamu kwa wanajeshi wanaopita Garsen. Tukasikia amekuwa Kanali. Meja wetu akazaa, ndama tukamwita Kanali. Tukasikia amekuwa Brigedia, madaktari wengi wako chini yake. Kanali akazaa, basi mnajua. Yeye anapanda vyeo huko, sisi tunamfuata na ndama.

Mwaka huu amestaafu. Akaja Minjila, kichwa cheupe. Hajanisalimia mimi, anamuuliza Bonaya, "Ng'ombe hawajambo?"

Bonaya akamkabidhi Brigedia. "Umestaafu bila ng'ombe, hiyo ni aibu yetu sisi."

Anaishi mjini kwa gorofa, hawezi kumpeleka huko, kwa hivyo tunamchungia. Kila Ijumaa anapiga simu. Brigedia amekula? Nyasi zipo? Watoto hawajambo? Mimi naulizwa mwishoni, kama chumvi.

Nilichojifunza: mtu akikutaka ufanye kazi isiyo yako kabla ya kukuamini, vua shati.

Sasa nisaidieni wakuu. Brigedia ana mimba na daktari hapandi cheo tena. Huyu ndama tumwite nani?