Nchi Iliyochelewa Kuzaliwa

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Kazi yake nyingine, iliyomfanya ajulikane mtaa mzima, ilikuwa kuisomea nchi nyota.

Watu hakuwasomea. Msichana akija kuuliza ataolewa na nani, alimwambia, "Mwanangu, hilo kamuulize mama yake huyo kijana." Yeye alishughulika na nchi tu. Serikali itakuwa na moyo gani, wabunge watapatana au watarushiana viti, pesa itatulia mifukoni au itayeyuka. Alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa mnajimu na fundi viatu. Alisema nchi nayo ilizaliwa, ina siku yake na saa yake, na chenye saa ya kuzaliwa kina nyota.

Mimi sikusoma. Hata herufi hizi alinifundisha yeye, tukiwa tayari tuna watoto. Maneno yangu ya kwanza kuandika yalikuwa majina ya sayari, Zohali, Mirihi na Mshtarii, maana ndiyo yaliyokuwa mezani. Jina langu lilikuja baadaye.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja. Cherehani dirishani, pasi, kioo kilichopasuka pembeni. Ukutani, katikati ya ruwaza za sketi, zile karatasi za kukatia nguo, duara kubwa la karatasi lililogawanywa vipande kumi na viwili, alivyoviita nyumba. Ile ndiyo nchi yetu. Wateja waliokuja kupimwa kifua waliisoma wakiwa wameinua mikono.

Nyuma ya ukuta alikuwa kinyozi, jamaa mwenye masharubu mapana ya kupakwa mafuta, ncha zimepindwa juu. Alimwita mke wangu shemeji na hakumpa nafasi ya kupumua. Kila asubuhi alichungulia dirishani.

"Shemeji, leo serikali imeamkaje?"

"Imeamkia upande wa kushoto, kama wewe."

"Na pesa?"

"Pesa inakuogopa. Ikiona hayo masharubu inadhani ni polisi."

Shida ya mke wangu ilikuwa moja. Alichosema kilitokea, ila kilichelewa. Akisema mwaka huu wabunge watagombana, mwaka mzima watapeana mikono. Mwaka unaofuata ndipo watakunjana mashati. Na hapo nani anakumbuka? Kinyozi alikumbuka. "Nyota za shemeji zinakuja kwa miguu," aliwaambia wateja wake wenye povu mashavuni, nao wakajizuia kucheka kwa sababu ya wembe.

Kisha ukaja ule mwaka mbaya. Bei zilipanda, bunge likakataa bajeti, waziri wa fedha akatukanana na mwenzake redioni. Mtaani salamu zikawa manung'uniko. Mke wangu akatangaza kwamba Mshtarii, sayari ya neema, anaingia nyumba ya mali ya nchi, na kabla mvua hazijaisha watu watakunjua uso. Wengi walimwamini. Mwenye duka la vitambaa akaagiza majora ya rangi kali, ya kuvaliwa na watu wenye furaha.

Mvua zikaisha. Uso haukukunjuka. Majora yakashika vumbi.

Jioni moja alirudi nyumbani na lile duara limekunjwa kwapani.

"Basi," alisema. "Mjomba alinifundisha vibaya, au nilijifunza vibaya. Kesho nalikata ruwaza za kola."

Nilimtazama. Mke wangu alikuwa mtu wa kucheka hata akijichoma sindano. Jioni ile hakucheka. Mambo ya nyota sikuyajua kabisa. Nikauliza tu ili aendelee kusema.

"Kwani hiyo nchi ilizaliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Bendera ilipandishwa saa mbili kamili. Imeandikwa kila mahali."

"Haikupanda saa mbili."

"Unasemaje?"

"Ilikwama. Nilikuwepo. Sisi vibarua ndio tuliochimba shimo la mlingoti." Yeye wakati huo alikuwa mtoto, huko kwao mbali. "Kamba ilitoka kwenye kapi, kile kigurudumu cha kule juu. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, bendera iko usawa wa magoti. Ikapiga tena. Mkubwa mmoja alikuwa amepiga saluti, mkono ukaanza kumtetemeka na hawezi kuushusha. Bendi ikamaliza nyimbo zote ilizozijua, ikaingia na za harusi. Mwishowe mwenzetu mmoja, fundi wa kupaka chokaa, akavua viatu akaukwea mlingoti. Bendera inafika juu, saa tatu imeshapita na jua limetuchoma visogo."

Aliweka kikombe chini taratibu.

"Baba watoto. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, kumbe saa ya kuzaliwa nchi unayo wewe?"

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza umekula, nakuuliza umeoga, na hili nalo nikuulize?"

"Nilidhani ni kichekesho tu."

Alilikunjua duara juu ya meza, akachukua chaki yake ya kushonea, akaanza kusogeza. Nilikaa pembeni. Baadaye nikamsikia anacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akashika ubavu.

"Kwa saa mbili tuliandikiwa Mapacha, ndiyo nyota iliyokuwa inachomoza," alisema. "Kumbe nchi yetu ni Kaa."

"Kaa ndiyo nini?"

"Ndiyo hivi unavyoiona. Haiendi mbele, inaenda upande. Ukiigusa inaingia shimoni. Na ikishika pesa kwa gando, haiachii."

Nikamwambia hilo hata bila nyota ningelisadiki.

Kila nyumba ya duara ilisogea moja. Nyumba ya mali haikuwa tena Kaa, ilikuwa Simba, na Mshtarii angeingia Simba mwakani. Ndiyo maana miaka yote alikuwa anaitangulia nchi. Nchi ilichelewa kuzaliwa, yeye akawa anaihesabia umri isiokuwa nao.

Asubuhi akalirudisha duara ukutani, akaenda mlangoni kwa kinyozi. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Mwakani," alimwambia. "Mshtarii akiingia Simba, nchi itakunjua uso."

"Mwakani tena, shemeji? Na nani atapima? Uso wa nchi haupimwi kwa futi yako."

"Utapima wewe. Watu wakiwa na hofu, wanakuambiaje wakikaa kwenye kiti?"

Kinyozi akafikiri. "Wananiambia nyoa zote, ili wakae muda mrefu bila kurudi kulipa."

"Na wakiwa na raha?"

"Wananisumbua. Punguza hapa, acha pale, chonga huku."

"Basi kiti chako ndicho shahidi. Wakianza kukusumbua, unanyoa hayo masharubu."

"Wasipoanza?"

"Nalishusha duara, unafutia wembe."

Wakapeana mikono. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akasema yeye ni shahidi lakini wammalizie kwanza. Kufika jioni mtaa mzima ulijua.

Mwaka huo mke wangu hakuufikia. Moyo wake ulisimama ghafla. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Sisemi mengi juu ya hilo. Asubuhi bado nakanyaga sakafu polepole, kwa ajili ya pini zake. Pini hazipo.

Duka sikulifunga. Nilikwenda kila siku, nikafungua dirisha, nikafuta cherehani, nikakaa. Kinyozi hakuchungulia tena. Alipita akanisalimia, "Kaka," akaendelea.

Mwaka ukageuka. Redio ikasema bunge limepitisha bajeti. Waziri wa fedha na yule waliyetukanana wakapigwa picha wakicheka, mmoja ameshika bega la mwenzake. Lakini redio husema mengi. Mke wangu alisema shahidi ni kiti, na kiti kilikuwa nyuma ya ukuta. Mimi nina upara tangu zamani, sina cha kunipeleka kwa kinyozi. Kuuliza niliona vibaya. Nilijua kwamba kama kiti kimenyamaza, itabidi nilishushe duara kwa mikono yangu. Aliahidi yeye, na mimi ndiye niliyebaki.

Siku moja kinyozi akaingia na taulo begani, mkononi bakuli la maji na wembe. Akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Kaka, jana kijana mmoja amenichukulia nusu ya asubuhi. Anataka mstari ubavuni mwa kichwa, mwembamba, uliopinda. Akaja wa pili, anataka huo huo lakini pande zote mbili. Leo wa tatu amekuja na picha."

"Labda kuna harusi."

"Hata mimi nilijipa moyo hivyo. Nikawauliza. Hakuna harusi. Wana raha tu, wapuuzi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi na kiti."

"Ungenyamaza."

"Hiyo ya jana na leo ni ya mwisho tu. Walianza kitambo, nikanyamaza. Lakini kila nikishika kopo la mafuta nipake masharubu, namsikia shemeji nyuma ya ukuta ananicheka." Akaninyooshea wembe. "Ameshinda. Nyoa wewe, kwa niaba yake."

Nikamwambia mkono wangu ni wa sepeto. Akasema na afe basi, lakini anyolewe.

Nikanyoa. Upande wa kulia ulitoka vizuri, wa kushoto tuliuvumilia wote wawili. Nilipomaliza, mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kama wa mtoto aliyetoka kunywa maziwa. Alijitazama kwenye kile kioo kilichopasuka, akajigusa.

"Nafananaje?"

"Kama nchi siku ile," nikamwambia, "bendera imekwama magotini."

Akacheka, nami nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu nimzike. Watu wakaja mlangoni kuona kuna nini, wa mbele akiwa mwenye duka la vitambaa. Alipomwona kinyozi, hakuhitaji kuelezwa. Alirudi kwake mbio, akaanza kuyapangusa vumbi yale majora.

Duara bado liko ukutani. Mshtarii sasa yuko wapi sijui, mimi najua kumwandika tu. Masharubu yameanza kurudi, upande mmoja umetangulia. Na kila asubuhi kinyozi anachungulia dirishani.

"Kaka, leo serikali imeamkaje?"

"Upande wa kushoto," namjibu. "Kama wewe."