Nilivyozimwagia asumini za harusi maji ya papa mkavu

Wakuu wa humu, salaam. Huu ni uzi wa bustani, na wallahi siongezi chumvi. Niliyokwisha kutia inatosha.

Naishi Bofu, Likoni, nyumba ya kupanga. Uani kwetu panatosha kamba ya nguo na mtu mmoja mwembamba.

Kwa anayetaka kuanza: chukua dumu la mafuta ya kupikia, likate juu, litoboe chini matundu manne matano maji yasituame. Udongo uchanganye na mchanga kidogo na mavi ya mbuzi yaliyokauka sawasawa. Mabichi huunguza mizizi. Basi, hakuna uchawi.

Ila mimi sipendi dumu lionekane dumu. Yangu nimeyapaka buluu iliyobaki tulipopaka mlango, kisha kila moja nikalifunga leso kuukuu kiunoni. Jirani aliniuliza kama madumu yanaenda harusini.

Yalikuwa yanaenda kweli.

Mama mkwe wangu, wa Kisauni, alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Kwenye kikao, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, akaahidi mbuzi wawili. Mdomo ukanitangulia: "Maua ya vikuba niachieni mimi."

Vikuba ni vile vishada vya asumini na mrihani wanavyovaa wanawake. Kisauni, harusi isiyonukia hivyo ni mkutano tu.

Nilitaka, walau mara moja tangu nioe, mama mkwe anitaje kwa wema mbele za watu.

Wiki mbili kabla ya harusi, vitumba vya asumini madumuni mwangu vilikuwa vichache. Jirani, Bi Mwanasha, akanambia nitie maji ya kuoshea samaki, yana nguvu. Ushauri mzuri kabisa, wakuu. Kwa samaki mbichi.

Jikoni nikakuta beseni la maji yanayonuka samaki. Nikamwaga yote, dumu baada ya dumu, huku napiga mluzi.

Kumbe mke wangu Zuhura alikuwa ameroweka papa mkavu kumtoa chumvi!

Na mimi ndiye ninayebeba maji matamu kutoka bombani kwa kuogopa chumvi ya kisima chetu.

Siku ya pili majani yakakauka pembeni. Paka wa mtaa mzima wakahamia uani, wanachimba madumu wakimtafuta papa.

Nikamwomba Zuhura anisemee kwa mamake. Akasema, "Nenda mwenyewe. Mdomo ulioahidi ni wako."

Nikavuka hadi Kisauni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maua yaendeleaje?"

"Mama, nimeyatia maji ya papa."

"Papa yupi?"

"Mkavu."

"Yule wa chumvi?"

"Yule yule, mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanambia: "Yatie maji matamu mengi, yashuke mpaka yatoke chini, siku tatu. Yaliyokauka kata. Kitakachosalia, niletee."

Nikafanya hivyo. Siku ya harusi nikapeleka fungu moja la mrihani na asumini kumi na moja kwenye sahani, nimezifunika kitambaa kana kwamba ni nyingi. Mama mkwe akapokea mlangoni, akachungulia, akaingia nayo ndani. Bibi harusi akavikwa za kununua. Niliona aibu, wakuu, sitaki kudanganya.

Ya ndani kwa wanawake alinisimulia Zuhura. Mama alikaa akazitunga zile kumi na moja mwenyewe, kikuba kidogo, akajibandika kifuani. Shangazi mmoja akampa kikubwa, akakikataa.

"Nina changu," akasema mbele yao wote. "Mkwe wangu kanipandia."

Nilitokwa na machozi, nikasingizia moshi wa pilau.

Funzo: maji usiyoyajua, yaonje kabla hujayamwaga. Ulimi ni kipimo tosha.

Haya, tiririkeni hapo chini: wewe uliunguza mmea gani kwa mapenzi? Mwanyumba wangu, kama umo humu, mbuzi wako walikuwa watamu, ila hakuna aliyewavaa.