Avenue yetu nzima "ilipiga masufuria", nusura tumfunge Adjudant wetu

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mara naona humu uzi wa mtu aliyempiga mwizi risasi, na chini yake mawakili wasio na vyeti wamejipanga. "Ana haki huyo!" "Hana haki, afungwe!" Leo nami nawaletea ya kwetu Goma, mtaa wa Majengo.

Ni ya kweli. Mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyasikia nikiwa nimelala kifudifudi. Mtaelewa kwa nini.

Majina nimebadilisha, maana bado tunaishi pamoja na tunaazimana chumvi.

Kwanza mjue desturi yetu. Wezi wenye silaha wakiingia kwa mtu, aliyevamiwa anapiga yowe. Jirani akisikia anashika sufuria na mwiko, anapiga. Nyumba ya pili inadaka, ya tatu inadaka, mpaka kelele zinafika barabara kubwa. Mwizi anaogopa kelele zile kuliko anavyomwogopa Mungu. Anakimbia, mchezo umekwisha, na hakuna aliyekufa.

Ni mpango mzuri sana. Una sharti moja tu, lazima mtu mmoja aanze.

Sasa jioni hiyo courant, yaani umeme, ilikuwa imekatika, na mimi nilikuwa nimeenda kuchaji simu kwa Papa Musavuli, shefu wa avenue yetu, yaani kiongozi wa barabara yetu hapo mtaani. Yeye ana panneau ya jua. Ni mzee wa Kinande, mwili mkubwa, sauti kubwa, kwenye mikutano hahitaji kipaza sauti. Mke wake alikuwa ametuwekea foufou na sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na mzee ananihadithia jinsi alivyokuwa shujaa ujanani huko Butembo.

Tukiwa na tonge mkononi, yowe likapasuka kutoka kwa Mama Furaha, nyumba tatu kutoka pale. Mama Furaha ni mjane, anauza maharagi anayoleta kutoka Kalengera.

"Banatuua! Mutusaidie, banatuua!"

Nikamtazama Papa Musavuli. Papa Musavuli akanitazama mimi.

Kwa heshima ya mwenye nyumba, nilimwachia aanze. Naye, naona kwa heshima ya mgeni, aliniachia mimi. Katika kuachiana huko tukakutana chini ya meza.

Msinicheke sana. Pale chini hakukuwa na nafasi, mke wake alikuwa ametangulia.

Yowe likaja tena, halafu tena. Avenue kimya. Hata mbwa wa jirani, ambaye hubwekea mpaka kuku, alinyamaza.

Kisha risasi, moja.

Kisha sauti ya mwanaume: "Mutoke! Imeisha! Mutoke!"

Wakuu, hapo ndipo mngetuona! Masufuria yaliamka avenue nzima. Papa Musavuli alichomoka chini ya meza, akanyakua sufuria kubwa ya mke wake na kuipiga mpaka ikabonyea. Tulitoka tukiimba.

Aliyepiga risasi ni Adjudant Bahati, polisi, mpangaji wa nyumba ya nyuma ya Mama Furaha. Mtu mkimya, hata salamu yake inaanguka chini, ni ya kuokota. Siku hiyo hakuwa kazini. Alisikia yowe, akasubiri masufuria, hakusikia kitu, akachukua bunduki yake na kupitia uwani akiwa amevaa kandambili.

Alisema alikuta wezi wawili. Mmoja aliruka ukuta wa mawe. Wa pili alikuwa mlangoni pa uzio, akamgeukia na bastola, naye akawahi. Mama Furaha alisema vilevile.

Yule kijana alikuwa amelala pale mlangoni, nusu ndani nusu barabarani. Baadaye tulijua jina lake, Jules. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea, na niliona vibaya moyoni, nasema ukweli. Lakini watu walikuwa wanashangilia, nami nikashangilia.

Sasa tatizo. Sisi mashujaa tulipoingia pale kwa wingi wetu, kila mtu anataka kuona, tulikanyaga kila kitu. Polisi wenzake walipofika, bastola haikuwepo. Iliota miguu. Mpaka leo hatujui nani aliondoka nayo.

Kesho yake Adjudant akawekwa ndani. Kwetu polisi anahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na pale hawana mzaha. Kuua kwa makusudi kunaweza kukumalizia ujana wote gerezani. Mke wake, Mama Neema, alikuwa na mtoto wa kunyonya mgongoni, anapanda na kushuka kumpelekea chakula.

Mji ukagawanyika. Redioni, sokoni, kwa kinyozi, ni hilo tu. Wengine: apewe medali. Wengine: polisi wamezoea kuua watoto wa watu kisha wanasema mwizi. Familia ya Jules ilisema mtoto wao hakuwa na silaha, alikuwa anakimbia, alipigwa akikimbia.

Na sisi wa avenue tulimteteaje Adjudant wetu? Kwa kujisifu.

Group ya avenue ilijaa. Kila mtu alikuwa wa kwanza kupiga sufuria. "Mimi njo nilianza!" "Wee acha, mimi nilianza mbele ya yowe!" Kuna mama alidai alipiga masufuria mawili kwa wakati mmoja, nikabaki najiuliza alishika mwiko na nini. Kama masufuria yote yale yangepigwa kweli kabla ya risasi, volkano yetu ya Nyiragongo ingeamka.

Papa Musavuli yeye alialikwa redioni. Akasema kwa sauti ile: "Mimi kama shefu, nilipiga wa kwanza, na avenue yote ikanifwata. Benye kuiba bakaanza kukimbia. Kiisha njo tukasikia masasi!"

Nilikuwa nimemsindikiza, nasikiliza karibu yake. Sikumsahihisha. Mzee ni mzee, na sambaza zake nilizila.

Basi siku moja wakili wa Adjudant, Maître kama tunavyowaita mawakili kwetu, akaja kutuona. Kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi jeusi la Goma. Tulikusanyika kwa shefu, nyumba ikajaa mpaka nje. Maître akauliza jambo moja tu.

"Masufuria yalilia mbele ya masasi, ao nyuma?" Yaani kabla ya risasi, au baada yake.

"Mbele!" Nyumba nzima. Ungedhani kwaya ya Pasaka.

Maître akaweka kalamu chini, akajishika kichwa.

"Bapapa na bamama, sasa mutanisaidia kumufunga."

Tukacheka, tukidhani anatania. Hakuwa anatania.

Akatufafanulia taratibu. Sheria inakuruhusu kujitetea, hata kumtetea mwingine, lakini hatari lazima iwe ipo pale, saa ileile, na uwe huna njia nyingine. Ukimpiga mtu anayekuja kukuua, hiyo ni légitime défense. Ukimpiga mtu aliyeshageuka anakimbia, hatari imekwisha, umeua. Bastola haikuonekana. Risasi iliingia ubavuni, kwa hiyo mwili hausemi wazi kama alikuwa anakuja au anaenda.

"Lakini avoka wa ile familia iko na maneno shefu alisema kwa redio. Atasema: wezi basikia masufuria, bakakimbia, Adjudant akapiga mutoto wa watu akikimbia. Na shahidi wake ni nani? Ni nyinyi."

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye kona ananyonyesha. Aliinua uso, akatutazama mmoja mmoja.

Maître akaendelea: "Sitaki mudanganye juu ya kumuokoa. Minauliza tu kwa mara ya pili. Masufuria yalilia mbele?"

Wakuu, kimya kile nilikuwa nimeshakisikia mara moja maishani mwangu.

Mke wa Papa Musavuli ndiye aliyekivunja. "Mimi nilikuwa chini ya meza," alisema. "Sikupiga. Na sikukuwa peke yangu."

Baada yake yakaanza kutoka kama maharagi kwenye gunia lililotoboka. Mmoja alikuwa chini ya kitanda. Mmoja chooni, na hakuwa na haja. Yule mama wa masufuria mawili alikuwa amejifunika blanketi pamoja na watoto, anaomba rozari. Papa Musavuli aliangalia dari.

Ikabaki nani atakwenda kusema hayo mahakamani, na jibu lilijulikana. Ni yule aliyesema redioni.

Siku ya kesi alivaa koti lake la harusi. Nilimsindikiza. Chumba kimejaa, familia ya Jules upande mmoja, sisi upande mwingine. Mama yake Jules alikuwa mstari wa mbele, mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani.

Jaji akauliza swali lilelile. Papa Musavuli akaanza na salamu za viongozi wote, akaingia historia ya avenue, jaji akamkatisha.

"Muzee, uliskia yowe, ulikuwa wapi?"

"Kwa meza, muheshimiwa."

"Ulikuwa unakula?"

"Hapana." Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha yote. "Chini ya meza."

Chumba kilicheka, hata askari wa mlangoni. Mimi pia nilicheka, mpaka aliponionyesha kwa kidole kama shahidi wake nami nikasimama mbele ya watu kuthibitisha kwamba ni kweli, tulikuwa pamoja, na nafasi ilikuwa ndogo.

"Na masufuria?"

"Yalilia nyuma ya masasi. Mbele hakuna mutu alipiga. Hata mumoja. Kwa redio nilidanganya, muheshimiwa, nilikuwa na haya."

Kwa kweli nilimpenda mzee huyo saa ile kuliko siku zote za hadithi zake za Butembo.

Ndipo mama yake Jules akasimama. Hakuitwa. Jaji alitaka kumkataza, kisha akaacha. Yule mama hakumtazama Adjudant wala jaji. Alitutazama sisi.

"Hakuna mutu alipiga?"

"Hapana, mama," akajibu Papa Musavuli.

"Jules alikuwa muoga. Tangu mutoto, makelele yote aliogopaka. Mungepiga hata sufuria moja, angekimbia." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Leo mungekuwa munamufunga, na mimi niko namupelekea chakula kwa prison."

Akakaa.

Adjudant aliachiliwa. Si kwa maneno ya Papa Musavuli peke yake, mahakama ilipima na mengine, lakini Maître alituambia yalisaidia sana. Tulikuwa tumepanga kumpokea kwa shangwe, tulishanunua mpaka vinywaji. Alifika, akamchukua mtoto kutoka kwa mke wake, akashukuru kwa salamu yake ileile ya kuokota, akaingia ndani. Baadaye walihama. Naona hatukumkosea kwa uongo tu, tulimkosea tangu pale chini ya meza.

Nilichojifunza, wakuu. Kujitetea si neno la kupigia kelele kwenye group. Lina masharti, na sifa zako za uongo zinaweza kumfunga unayemsifu.

Lakini hilo ni la wakili. Langu ni hili: sheria ilimuuliza maswali Adjudant aliyetoka nje. Sisi tuliobaki ndani haikutuhesabia kosa lolote. Aliyetudai jibu la ile sufuria moja ni yule mama, na mpaka leo hatujamjibu.

Karibuni mchangie. Na wale wa "ningekuwa mimi ningefanya hivi" mnaruhusiwa pia, ila mtuambie kwanza mlikuwa wapi mara ya mwisho jirani yenu alipopiga yowe.