Friji Isiyo na Homa

Dada yangu Febronia alishuka kwenye lori la vitunguu pale Shelui akiwa na sanduku moja, koti la manyoya alilolikumbatia kama mbuzi mgonjwa, na uchovu ambao mama, aliyezaa saba, alisema hajapata kuuona kwa mtu asiyelima. Ilikuwa mwaka 1975. Alitoka Urusi, ambako serikali ilimpeleka kusomea shahada ya uinjinia wa vifaa vya hospitali: mashine za kupiga picha mifupa, mashine za kusikiliza moyo, vitu ambavyo kwetu havikuwa na jina kwa sababu havikuwapo. Watu wa kijijini hawakutaka kujisumbua. Walimwita daktari, wakamwonyesha majipu.

Alikuwa amemaliza mwaka wa lugha na miaka miwili ya masomo, ikabaki mitatu. Siri yake niliambiwa mimi kwanza, kwa kuwa niliacha diploma ya ufundi katikati na nyumbani nilihesabiwa kuwa mtaalamu wa kuacha. Alisema harudi. Amefeli somo la joto, anatakiwa kurudia mtihani akifika tu, na hata akiushinda kuna mingine imepanga foleni nyuma yake. Kule, alisema, unaanza kwa kuelewa neno, halafu sentensi, halafu ndiyo unaikuta hesabu yenyewe, na ukiikuta mwalimu ameshafuta ubao. Kilichobaki ni kutafuta namna ya kumwambia mama.

"Wewe uliwaambiaje?" akaniuliza.

"Sikuwaambia. Nilikaa tu mpaka wakazoea."

Namna ya kuwaambia ililetwa na friji.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Mwaka uliotangulia Operesheni ya vijiji ilitutoa kwenye matembe, nyumba zetu za zamani, ikatupanga kando ya barabara kwa mistari kama mahindi. Zahanati nayo ilihamishwa, na friji yake ya mafuta ya taa ikasafiri chali juu ya lori, imelaliwa na vitanda, mbuzi wamefungwa kwenye miguu yake. Tangu siku hiyo haikupoza kitu. Bwana Nathanaeli, mganga wa zahanati, aliendelea kuiwasha kila asubuhi, anafungua mlango, anaingiza mkono, anafunga. Mwishowe aliacha kuiwasha, akaanza kutunza humo viatu vyake vya kanisani.

Basi mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bonaventura, akaja kwetu. Alipokwisha kuitika shikamoo zetu zote alikunywa uji, uji wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, akasema taifa limemsomesha injinia na friji inamsubiri injinia, sasa sijui nani anamchelewesha mwenzake. Febronia alisema yeye bado mwanafunzi. Mzee alimjibu kwamba hata friji haijamaliza shule.

Nilifuatana na Febronia ili nimbebee vifaa. Hakuwa na vifaa. Aliizunguka, akapiga magoti, akachungulia mabomba ya nyuma, akauliza ilisafirije. Akaelezwa, pamoja na habari za mbuzi. Akasema isiwashwe, ipinduliwe kichwa chini miguu juu, ilale hivyo mpaka kesho.

Watu walikuwa na adabu. Walisubiri afike nje ndipo wakacheka.

Njiani alinieleza kwamba ndani ya mabomba mna maji yenye dawa kali. Moto unayachemsha, yanapanda, yanashuka, na katika kuzunguka huko ndipo baridi inapatikana. Friji ikilazwa, dawa inakimbilia mahali pasipo pake na kukwama. Nikamuuliza inakuwaje moto ulete baridi. Akasema hilo ndilo swali alilofelia.

Kesho yake tuliisimamisha. Sakafu ya udongo iliteremkia mlangoni, na friji ya namna hiyo isiposimama sawasawa haifanyi kazi, kwa hiyo tuliweka sahani ya maji juu yake, tukaingiza vipande vya mbao chini ya miguu mpaka maji yakaacha kuegemea upande. Akawasha utambi, tukaiacha ilale inawaka. Asubuhi iliyofuata Mzee Bonaventura alikunywa bilauri ya maji yaliyotoka humo, akashika taya kwa maumivu ya meno, na kwa ushahidi wa taya hilo akatangaza kwamba friji imepona.

Alilipeleka jambo mkutanoni. Mtu kama huyu, alisema, arudi kusoma nini wakati ameshajua? Chanjo ya surua inaletwa wiki hiyo kutoka wilayani. Ikikaa salama katika friji yetu, atakwenda mwenyewe wilayani kumwombea Febronia abaki, awe fundi wa zahanati zote za tarafa. Mama alipiga kigelegele. Nilimtazama dada. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Asingehitaji tena kusema ameshindwa. Angesema amehitajika, na huo ni mlango mzuri zaidi kuliko niliotokea mimi.

Mwenyekiti akapanga akina mama walete watoto kwa zamu, nyumba kumi baada ya nyumba kumi, wiki nzima, ili shamba la kijiji lisikose watu. Dada yetu mkubwa, Dina, mwenye mtoto wa mgongoni aitwaye Kristina, alipangwa siku ya mwisho.

Febronia aliomba kipimajoto. Bwana Nathanaeli alikuwa nacho kimoja, kile cha kuweka kwapani. Akakikung'uta, akakilaza ndani ya friji, akafunga mlango, akasubiri huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Haina homa," akasema.

Dada alicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori, alicheka mpaka akajishika ukutani. Kisha akakichukua, akakisoma mwenyewe. Kipimo kile namba zake zinaanzia thelathini na tano. Chini ya hapo hakisemi kitu. Pale zahanati hapakuwa na kingine, wala mtu mwingine wa kuulizwa.

Akaweka kopo la maji ndani. Asubuhi maji yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu. Mchana, jua lilipolichoma bati la zahanati, barafu ilikuwa imeondoka. Alasiri yalikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi, na mtungi wa mama hauli mafuta ya taa. Akapandisha moto, akaushusha, akaisogeza friji mbali na ukuta. Siku ya pili mambo yakawa yale yale.

"Ipo hesabu," aliniambia. "Joto la nje likiwa hivi, ndani itakuwa vile, kwa saa fulani. Ipo kwenye kitabu. Siku wanaifundisha nilikuwa nimelalia dawati."

Kitabu chenyewe kilikuwa sandukuni, chini ya koti. Hakukifungua.

Chanjo ilikuja kwa baiskeli, ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Watoto wa nyumba kumi za kwanza walichomwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye chupa, wakalia, zamu yao ikaisha. Vichupa vingi vilibaki, akina mama wengine walikuwa bado shambani na watoto wao, na barafu ilikuwa inayeyuka. Bwana Nathanaeli alishika mlango wa friji, akamtazama Febronia. Mwenyekiti naye alimtazama. Mimi pia, na nakiri kwamba macho yangu yalikuwa yanamwambia aseme ndiyo.

"Ziingie?" Bwana Nathanaeli akauliza.

"Zisiingie. Zikipata joto mchana, kesho mtawachoma watoto maji. Mtasema wamechanjwa, na surua itawakuta."

"Mwanangu, una hakika zitaharibika?" Mzee Bonaventura aliuliza kwa upole.

"Sina. Wala sina hakika zitabaki nzima."

Mzee alimkumbusha, bado kwa upole, kwamba yeye ana safari ya wilayani kwa ajili yake. Febronia alisema anajua. Akaifunga chupa ya chai mwenyewe, akampa mwenye baiskeli, akamwambia awahi kuirudisha wilayani kabla barafu haijaisha.

Dina alifika kutoka shambani jembe begani, Kristina mgongoni, jasho mpaka miguuni. Mtu alikuwa amemwambia. Alisimama mbele ya mdogo wake, akahema kwanza.

"Miaka yote hiyo kwa watu," alisema, "umejifunza kupindua friji, halafu kuiogopa."

Hakukuwa na uongo katika maneno hayo ambao Febronia angemrudishia.

Habari ya tarafa haikutajwa tena. Chakula kilipoisha jioni ile, dada alimwambia mama kwamba anapanda lori linalofuata, mtihani unamngoja. Mama, ambaye hakuwahi kujua kwamba binti yake alikuwa amekusudia kuacha masomo, alimwuliza tu kama kule wana ulezi. Mimi nilimuuliza pembeni kama sasa anapenda kurudi. Akasema hapana. Amechoka vile vile. Ila akibaki watamletea kila kilichoharibika, naye atakuwa anakipindua na kuombea.

Walipanda pamoja pale Shelui, juu ya magunia, yeye na Dina, kwa sababu Dina angeshukia Misigiri na kutafuta usafiri wa Kiomboi, wilayani, ili Kristina akachanjwe huko. Hawakuwa wanasemeshana. Lori lilipokuwa bado linapasha injini, Febronia alikitoa kile kitabu, akakifungua magotini. Mtoto akanyoosha mkono, akashika ukurasa. Dina alimtoa vidole kimoja kimoja, na kwa kuwa alikuwa ameshainama, akatazama maandishi.

"Kinasemaje?"

"Bado sijui," Febronia akasema. "Nishikie huku, upepo unafunua."

Dina akashika.

Friji bado inawashwa, na mwashaji ni mimi. Inapoza maji ya mwenyekiti. Kila alasiri Mzee analalamika kwamba yana uvuguvugu, na kila alasiri namjibu kwamba injinia yuko masomoni.