Foronya ya Mama Mkwe

Fundi wa kudarizi alikuwa na mkono mwepesi, wateja walimwachia vitambaa na kwenda zao bila maelezo mengi. Basi mama mkwe wake aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa tumbo, hakuwaza mara mbili. Alichukua foronya nyeupe na uzi wa zambarau, akadarizi maneno ya Kiingereza aliyowahi kumshonea mteja mmoja, yakampendeza: In loving memory of Mama. Loving ni upendo, nani asiyejua? Memory ni kumbukumbu, hata kwenye simu imo. Kwa upendo tunakukumbuka, Mama. Akaipiga pasi, akaitandaza kitini, akarudi jikoni.

Wifi yake, binti wa mgonjwa, ndiye aliyeingia kwanza. Aliyasoma yale maneno, akakaa sakafuni.

"Wifi," aliita. "Mama ametoka lini?"

Fundi alikuja na mwiko mkononi. "Asubuhi hii. Kaka yako amemfuata."

"Na kaka naye?" Akaangua kilio.

Sasa fundi naye akaingiwa na baridi. Huenda wifi kapata habari ambayo yeye hajaipata. Akampigia mumewe. Simu ikapokelewa, na kabla mume hajasema kitu, ikasikika sauti ya mama nyuma yake, akimgombeza dereva wa teksi kwa kukimbiza gari kwenye mashimo.

"Yuko hai," fundi alisema, akamkabidhi wifi simu asikie mwenyewe.

Wifi alipotulia, alimwonyesha foronya. "Haya huandikiwa marehemu, wifi yangu. Mgonjwa anaandikiwa Get well soon. Upone haraka."

Fundi alijishika kichwa. Mmoja akafumua, mwingine akatunga uzi, na teksi ilipopiga honi maneno mapya yalikuwa yamekaa, ila matundu ya zamani yalibaki.

Mama alipolazwa kitandani, aliyapapasa matundu yale ya foronya. "Hapa palikuwa na nini?"

Wakamweleza. Alicheka mpaka akajishika tumbo. "Basi, wanangu. Mtanifumua na mimi."

Baadaye alisinzia. Fundi alisimama mlangoni akilitazama shuka likipanda na kushuka, mpaka moyo wake ukaridhika, ndipo akakumbuka chungu kilichokuwa motoni.