Chupa Iliyoandikwa kwa Jina la Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mfugaji wa Kasokola, na tangu siku ya kwanza hajawahi kunihesabu kuwa mtu. Wakati wa posa alinizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mnadani, halafu akawaambia wazee wao kwamba kijana akili anazo, nyama ndiyo hana. Watu walicheka mpaka chakula kikapoa. Mimi kazi yangu ni kuendesha mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, hospitalini hapa Mpanda, lakini yeye akinikuta kwenye shughuli yoyote ananiita mpiga picha. Siku ya komunyo ya kwanza ya mwanangu, mbele ya padri, alinipa simu yake akasema haya mpiga picha, fanya kazi, na kitambi kionekane chote. Nikapiga. Kichwa nilikikata makusudi.

Sasa niwaeleze habari ya chupa. Mashine yetu, pamoja na mambo mengine, inapima maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Kwenye ubongo wenye afya maji yanazurura taratibu. Sehemu ikikosa damu, maji yanakwama, na mashine inatoa namba ndogo. Daktari anaitegemea namba hiyo kuamua. Ila mashine nayo inaweza kuanza kudanganya siku yoyote, tena bila kukuaga. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, naipa mtihani ambao jibu lake ninalo tayari: chupa ya plastiki iliyojaa maji safi, niliyoifukia kwenye deli la barafu zaidi ya saa nzima. Maji yakishapoa hivyo, mwendo wake ni uleule, uwe Mpanda au Ulaya: moja nukta moja kwa kipimo chetu. Mashine ikisema hivyo, iko sawa. Ikisema vingine, nafunga mlango nampigia fundi. Kitu kama hicho kinacholazwa mahali pa mtu, watu wa kazi yetu wanakiita fantomu. Barafu nanunua kwa mama mmoja anayeuza samaki wa ziwani, ndiyo maana Jumatatu chumba kizima kinanuka migebuka na wagonjwa wanatazamana kwa kushukiana.

Tatizo ni kompyuta. Haikubali kuanza mpaka umsajili mgonjwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uzito. Mwenzangu wa zamu huwa anaandika neno "jaribio" na namba, anaendelea na maisha yake. Mimi Jumatatu ile baada ya komunyo bado nilikuwa na hasira zangu. Nikaandika jina la shemeji, majina yote matatu. Tarehe yake ya kuzaliwa ninaijua, maana kila mwaka anaitangaza mwezi mzima. Jinsia, mwanaume. Uzito, kilo moja. Jamani, nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza. Wiki iliyofuata nikarudia, na iliyofuata tena, ikawa ndiyo starehe yangu ya Jumatatu. Nilifika mara kumi na moja.

Halafu ikaja Jumanne moja. Saa nne asubuhi mlango ulisukumwa, akaingia mke wangu bila viatu, nyuma yake kitanda cha magurudumu, na juu ya kitanda shemeji. Alikuwa ameanguka zizini saa mbili akikamua. Mdomo ulikuwa umeenda upande, na mkono wa kushoto unaning'inia tu. Aliponiona alijaribu kuniita lile jina lake la kunikera, maneno yakamwagika hayana umbo. Niliogopa, sifichi. Daktari wa zamu alisema apimwe sasa hivi, kwa sababu ipo sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila lazima iwahi ndani ya saa chache tangu mtu aanguke. Na ukimpa asiyestahili, inaweza kumvujisha damu ubongoni. Ndiyo maana hapa kwetu haitoki mpaka daktari bingwa wa picha, anayesoma kwa mtandao akiwa mji mwingine, atoe neno.

Nikampima. Upande wa kulia wa ubongo palikuwa na doa, na namba yake nukta nne, nusu tu ya ile ya ubongo wenye afya. Nikatuma picha, nikamwacha shemeji ndani ya mashine endapo zitahitajika nyingine. Simu ikaita, nikaiweka spika ili daktari wa zamu naye asikie. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mgonjwa wako ana vipimo kumi na kimoja vya nyuma," bingwa akasema. "Vyote havina ubongo. Naona duara la maji matupu. Nitajuaje kwamba na hiki cha leo ni chake?"

Kumbe kule mapokezi walipoandika jina na tarehe, faili lilikuwepo, wakampa hilohilo. Uongo ulinijia hapohapo, mzuri, umepigwa pasi: mfumo umechanganya mafaili. Lakini nilijua atakachojibu. Angesema tumsajili upya, tumpime upya, na saa ya ukutani ilikuwa haitusubiri.

"Dokta, hivyo vya nyuma ni vya chupa," nikasema.

"Chupa?"

"Ya maji, ya kupimia mashine. Huyu ni shemeji yangu. Niliiandika kwa jina lake kwa utani."

Sikugeuka kumtazama mke wangu, ila nilisikia pumzi yake ikikatika. Bingwa alikuwa anabonyeza vitu vyake huko aliko, kisha akauliza kama na jana nilipima. Nikamwambia nilipima, moja nukta moja. Akasema namba anaziona, wiki zote kumi na moja ziko palepale, mashine haijayumba.

"Basi nukta nne ya leo naiamini. Mpeni sindano. Wewe tutaongea baadaye."

Tuliongea kweli. Barua ya onyo ipo kwenye faili langu, nami sikuipinga. Mke wangu hakusema na mimi siku mbili nzima, akawa ananiwekea chakula mezani kama anavyomwekea mgeni asiyemjua.

Siku ya tatu nilimpelekea shemeji uji wodini. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake na maneno yanatoka, pole pole. Nilijiandaa kwa kejeli, maana niliona zinanistahili zote. Akaniambia kwamba siku ile nilisahau kuzima kipaza sauti cha kuongelea na mgonjwa aliye kwenye mashine, na kule ndani alisikia kila kitu.

"Ulipokuwa unamweleza dokta mambo ya chupa," akasema, "mimi nilikuwa nawaaga wanangu. Mmoja mmoja, kwa jina. Nilikuwa nimefika wa tano, ndipo nikasikia mpeni sindano."

Ana watoto saba. Nikaweka uji chini, nikamwomba msamaha bila kupamba chochote. Alinyoosha mkono wa kushoto, uleule uliokuwa unaning'inia, akanionyesha kwa macho kwamba nimpe wangu, nikampa. Akabana. Alibana mpaka pete ya ndoa ikaniingia kwenye nyama, na mimi nikawa namwambia bana zaidi.