Programu Inayojua Njia ya Maji

Ofisini walimwita Mama Rula, ingawa rula yenyewe ililala kwenye droo ya chini miaka na miaka, na siku hizi alichora kwa kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuchora mabomba ya vinyunyizio vya moto, vile vidude vinavyochungulia darini ambavyo wagonjwa huvitazama wakiwa chali kitandani wakidhani ni mambo ya umeme. Joto likizidi, kioo chake kidogo hupasuka na maji yaliyokuwa yakingoja ndani ya bomba humwagika. Moto usipotokea, na Mungu ajalie usitokee, hakuna atakayejua kwamba kuna mwanamke alikaa kitini mpaka kiuno kikakakamaa ili maji hayo yapate njia.

Alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa uchovu wa kuchora kitu kilekile mara nne. Mchora majengo akisogeza ukuta, yeye alisogeza mabomba. Mtu wa viyoyozi akipitisha bati lake la hewa palepale penye bomba, bomba ndilo lililohama, maana wa viyoyozi ana maneno mengi. Kisha mchoro ulikwenda kwa Mzee Presha, naye aliurudisha umejaa wino mwekundu, na Mama Rula alianza upya huku akisema kimoyomoyo maneno yasiyofaa kuandikwa hapa.

Huyo Mzee Presha alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Jina alilipata kwa kuwa ndiye aliyekokotoa presha ya maji, na wenye ndimi ndefu waliongeza kwamba ndiye aliyewapandisha wenzake presha. Mume alipofariki, ndugu wengine walikuja msibani, wakalia kwa sauti, wakaondoka na redio. Shemeji yeye alimleta ofisini hapa, akamwambia bosi, "Huyu anajua kunyoosha mstari." Watoto wote wa Mama Rula walisomeshwa na mistari hiyo. Wawili hao hawakulizungumzia jambo hilo hata siku moja, lakini kila walipokunywa chai lilikuwapo pale mezani.

Mchoro haukutoka ofisini kabla hawajatembea na maji. Ndivyo walivyoita wenyewe. Karatasi ilitandazwa mezani, shemeji akaweka kidole kwenye pampu, akakipeleka polepole juu ya bomba akisema kwa sauti, "Natoka kwenye pampu, napanda, nakata kona, napita valvu," hadi kinyunyizio cha mwisho kabisa. Kazi ya Mama Rula ilikuwa kufuatisha kwa macho na kuitikia "naam" kila kona. Akikosa kuitika, kidole kilisimama.

Sasa bosi naye alikuwa amechoka kivyake. Alikuja akaegemea mlango, akasema, "Mama Rula, kila siku tunachelewa, kila siku tunaomba radhi. Kuna programu mbili mpya za kuchorea. Wewe ndiye utakayezitumia, basi wewe ndiye mchaguaji. Ijumaa nipe jibu."

Ya kwanza ilichora tu, ila ilichora vizuri na kwa haraka. Ya pili ilikuwa na makubwa. Ukiipa jengo, inapanga vinyunyizio yenyewe, inakuonya bomba likigongana na boriti, na ukisogeza kitu inapiga upya hesabu yote ya presha kabla hujaweka kikombe chini.

"Na mzee je?" aliuliza Mama Rula.

Bosi aliangalia simu ambayo haikuwa imelia. "Tutaona," alisema.

Mtu mzima akisikia "tutaona" ya bosi, anajua unga wa mtu umeshamwagika. Mama Rula alikata shauri palepale kwamba atachagua ile inayochora tu. Ajikaze na wino mwekundu miaka mingine, kiuno kimuume kinavyotaka, lakini asiwe yeye wa kumtoa kazini mtu aliyemwingiza.

Lakini hakutaka kwenda kwa bosi na uongo mtupu, na wiki ikakaribia kwisha bila jibu. Muuzaji, kijana wa tai na maneno ya mteremko, alikuwa ameshaipakia ile ya pili kwenye kompyuta yake kwa majaribio, nayo ilihitaji kupewa kazi ya kweli ili aitafutie kasoro za kutosha. Akaipa kazi yao ya mwisho, wodi ya wazazi ya ghorofa moja. Mchoro ulikuwa umeshafika kwa mafundi, na mabomba ya chini yalikuwa yameshafungwa. Ya juu yalikuwa bado.

Kompyuta ilinguruma, ikafikiri, ikamaliza. Wodi ya chini ilitoka kijani tupu. Ya juu, pembeni kabisa, kwenye chumba cha watoto wachanga, vinyunyizio vilikuwa vyekundu.

Kwanza alifurahi, kusema kweli. Kasoro ameipata. Akapiga hesabu kwa mkono ili amwonyeshe bosi jinsi programu hii inavyobahatisha, akaipiga tena, na furaha ikamwishia. Bomba la juu lilikuwa jembamba mno kwa safari yake. Moto ukiwaka, chumba kile kingepata maji ya kuoshea vikombe.

Akazitafuta hesabu za shemeji. Zilikuwa safi, zimenyooka, kama kawaida yake, na zote zilikuwa za ghorofa ya chini. Chini bomba kubwa hukata kushoto. Juu walikuwa wameongezewa chumba, kwa hiyo hukata kulia na kwenda mbali zaidi. Ndipo alipokumbuka siku ile walipotembea na maji. Kidole kilikata kushoto, juu ya karatasi nyeupe isiyo na bomba lolote, na sauti ikasema, "Nakata kona." Naye, aliyekuwa hoi, akiwaza kwenda nyumbani, aliitika "naam."

Alimpigia simu msimamizi wa mafundi akamwambia wasifunge bomba hata moja juu mpaka apate mchoro mpya. Kisha akaenda chumba cha pili.

Shemeji alikuwa ameketi dirishani, karatasi mkononi, uso karibu uguse karatasi. Aliposikia viatu akainua kichwa akajifanya anafikiri. Mama Rula akajiuliza ni mara ngapi amemkuta hivyo akadhani ni fikra kweli.

"Shemeji," alisema, "wodi ya wazazi, juu. Umepiga hesabu ya chini."

Mzee akaiweka karatasi, akapapasa meza mpaka akapata kikombe.

"Wameshafunga?"

"Bado. Nimewazuia."

"Alhamdulillahi." Alikunywa chai ambayo lazima ilikuwa imepoa zamani.

"Huoni, shemeji."

"Vikubwa naviona. Wewe nakuona, umevaa kitu cha bluu." Kilikuwa kijani. Mama Rula hakumsahihisha.

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Nilikuwa nazikumbuka njia. Majengo haya yanafanana, ukijua moja umeyajua mengine. Na wewe ulikuwa unaitika, nikajua niko sawa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Alikasirika pia, tena sana. Mwaka mzima alichora upya michoro kwa ajili ya wino mwekundu wa mtu asiyeuona. Hakujua aanze na hasira au na machozi, basi akavuta kiti akaketi.

"Ungeniambia."

"Ungenisaidia," alisema mzee. "Ungebeba kazi yako na yangu, usingemwambia mtu. Nakujua." Akakizungusha kikombe. "Mimi ndiye niliyemwomba bosi alete hiyo programu ya hesabu. Nikamwambia mchaguaji awe wewe, asikuletee kwa nguvu. Sikujua ungekaa siku zote hizi kunitetea."

"Nani kasema nakutetea?"

"Kazi ya dakika tano imekuchukua wiki."

Alimwandikia bosi jibu siku hiyohiyo, mstari mmoja. Ile inayopiga hesabu. Hakueleza sababu, na bosi hakuuliza. Kisha akaunenepesha mstari wa bomba la juu, vile vyekundu vikawa kijani, akauchapa mchoro. Hapo ingetosha. Programu ilikuwa imeshasema kila kitu, na mafundi walikuwa wakingoja.

Lakini aliibeba karatasi hadi chumba cha pili akaitandaza mezani. Mzee aliijua kwa mlio wake. Akanyoosha kidole, pampu akaipata mwenyewe, pembeni kushoto ilipokaa siku zote.

"Natoka kwenye pampu."

"Naam."

"Napanda."

"Naam."

"Napita valvu. Naingia wodini, juu." Kidole kikasimama. Mama Rula hakuwa amekosa kuitika. Kilisimama chenyewe, juu ya weupe wa karatasi. Mzee akavuta pumzi.

"Hapa sipajui, shemeji," alisema.

Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, alikuwa hajapata kumsikia akisema hivyo. Mama Rula alikishika kile kidole, akakirudisha juu ya mstari.

"Kulia," alisema. "Tunakata kulia. Kisha ni mbali kidogo."

Mzee akasema, "Naam."